Nepi za kanga kuukuu na vitu vingine tulivyomtengenezea mwanetu

Mimba ilipofika miezi saba, mimi na mume wangu tulikaa tukapiga hesabu ya pampasi. Kwenye duka la mtaani kwetu, Ngamiani hapa Tanga, moja ilikuwa shilingi 500. Mtoto mchanga huchafua sita kwa siku, na siku nyingine nane. Kwa sita tu ni shilingi 3,000 kila siku, yaani 90,000 kwa mwezi, na chumba chetu tulikuwa tunakilipia kodi ya 50,000. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kuna wiki anapata kazi ya mageti mawili, kuna wiki haingizi kitu. Mimi nilikuwa nimeshaacha kukaanga mihogo kwa sababu miguu ilianza kuvimba. Hesabu ile ilitunyima usingizi, na ndiyo iliyotusukuma kuanza kutengeneza vitu wenyewe.

Naandika kwa ajili ya mama au baba anayesubiri mtoto huku mfuko umebana. Si kila kitu cha kutengeneza nyumbani kinaokoa pesa. Vingine vinakula pesa na nguvu zako, halafu mtoto hana haja navyo. Vilivyotufaa ni vile alivyovitumia kila siku, na karibu vyote vilitokana na nguo zilizokwisha kuchakaa. Nguo mpya zilitusumbua kuliko kutusaidia, jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

Mimi na wifi yangu tulianza na vinavyopendeza machoni. Tulinunua satini ya rangi ya maziwa, tukashona pambo la kuzungushia kitanda cha mtoto, lenye marinda na utepe, ndani tukatia sponji. Satini, sponji, uzi na utepe vilimaliza shilingi 28,000. Haikupita muda, muuguzi wa kliniki akawafundisha kina mama namna ya kumlaza mtoto mchanga: alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, shuka livutwe libane, na kitanda kiwe kitupu. Mto, midoli laini na mapambo ya pembeni vyote vinaweza kumziba pua na mdomo, naye bado hana nguvu ya kujigeuza. Pambo letu halikufungwa hata siku moja. Ukitaka kumshonea mtoto kitu chochote cha kitandani, kwanza waulize wauguzi wa kliniki yako.

Nilipokaribia kujifungua, bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka Pangani ili akae nami mpaka arobaini, kama ilivyo desturi kwetu. Alikuja na furushi la kanga kuukuu, nyingine hata maandishi yake hayasomeki. Nilimpa shikamoo, nikampokea mzigo, nikamwonyesha flana mpya niliyomnunulia mtoto kwa ajili ya nepi. Nilikuwa najivunia sana flana ile. Bibi akaishika, akaikunjua, akachota maji kwa kikombe akamimina juu yake. Maji yakafanya matone, yakateleza mpaka sakafuni.

“Mjukuu wangu, hii haijakubali maji bado,” akasema. “Mtoto anataka kitambaa kilichofuliwa mpaka kikachoka.”

Kisha akamimina juu ya kanga yake moja. Ikayanywa papo hapo, tone halikudondoka.

Kitambaa kipya cha pamba hutoka kiwandani kikiwa na wanga na dawa za kukipa ugumu na mng'ao, na hizo ndizo zinazoyakataa maji. Kanga iliyofuliwa kwa miaka imeshapoteza hayo yote. Nyuzi zake zimelegea, inanyonya vizuri, na haikwaruzi ngozi. Kama huna budi kutumia kitambaa kipya, kifue mara kadhaa kwa maji ya moto kabla ya kukikata. Kitapungua kidogo kwa urefu na upana, na ni heri kipungue kikiwa kizima kuliko baada ya kushonwa.

Hata hivyo si kila kanga kuukuu inafaa kwa nepi, kwa kuwa nyingine zimechanganywa na poliesta. Bibi alinionyesha namna ya kupima. Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa koleo, ziwashe kwa kiberiti nje ya nyumba. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kubakiza jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka, hujikunja, kisha huganda ikawa kidonge kigumu. Kwenye lile furushi kanga mbili zilishindwa kipimo. Tukaziweka kando, na baadaye zilipata kazi yake.

Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Tulikuwa tunaigawa urefu katikati, tunapata vipande viwili vya 75 kwa 110, tunavipiga pindo nyembamba ili visifumuke, basi. Wakati wa kumvisha mtoto unakikunja mara mbili, kisha unakikunja pembetatu, ile pembe ya chini unaipitisha katikati ya miguu na kufunga kwa pini ya nepi. Fundi angeweza kupiga pindo kwa bei ndogo, lakini wifi yangu ana cherehani, kwa hiyo tulilipia uzi tu.

Ila mwanzoni nilishawishika na kitu kingine. Niliona nepi nene za kisasa, tabaka sita zimeshonwa pamoja, nikaona hizo ndizo zitakazozuia mkojo. Ile flana nikaifua mpaka ikakubali maji, nikampa fundi akashona nepi nene nzuri sana, na gharama ya ushonaji ilikuwa 1,500 kila moja. Mwanangu akazaliwa mwanzoni mwa Aprili, masika imekolea. Anayeijua Tanga anaijua mvua ya Aprili. Zile nepi zilikuwa zinakauka juu, ndani bado mbichi, siku ya pili zinanuka uvundo. Nilizianika ndani, nikazianika jikoni, zikanuka moshi juu ya uvundo. Usiku mmoja nilikaa na wembe nikazifumua moja baada ya moja huku nalia. Nilikuwa sijapona, maziwa yalikuwa bado hayajatoka vizuri, na pesa ya ushonaji ilikuwa ya mume wangu aliyekesha akichomelea dirisha la mtu. Bibi alinikuta, akachukua wembe wa pili, akaketi akanisaidia bila kuuliza kitu.

Tangu hapo kanuni yetu ikawa kwamba kitu cha mtoto kishonwe namna ambayo kinaweza kufunguka kikaanikwa kikiwa chembamba. Kipande cha kanga ukikikunjua kwenye kamba kinabaki tabaka moja, hata siku ya mawingu kinakauka. Kwa kuongeza uwezo wa kunyonya, tulikata mataulo ya mtumba kutoka soko la Mgandini tukapata ndimi nyembamba za kuweka katikati ya nepi. Taulo lililochakaa lilikuwa shilingi 2,000, na lilitoa ndimi nyingi. Ulimi hauushoni kwenye nepi. Unauweka tu, ukilowa unautoa, unafuliwa na kukauka peke yake.

Ukiwa unafua kila siku, dazani mbili za nepi zinatosha, ila kwa anayejifungua wakati wa mvua nashauri aongeze nusu dazani. Kinyesi kinakung'utwa chooni kwanza. Nepi zina ndoo yake ambayo haiguswi kwa kazi nyingine. Tumia sabuni ya kawaida, suuza mpaka maji yawe meupe, na usitie dawa ya kulainisha nguo kwani inaacha utando unaoizuia nepi kunywa maji. Vivyo hivyo mafuta mengi ya kupaka matakoni. Jiki tuliitumia mara chache na kusuuza sana. Yale madoa ya manjano ya kinyesi cha mtoto anayenyonya yanafifishwa na jua zaidi ya sabuni. Ukianika nepi ikiwa bado na maji, jua la saa sita linafanya kazi hiyo bure.

Halafu piga pasi. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanadhani ni urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Nguo ikivaliwa, mayai yanaanguliwa, na kifunza kinaingia ndani ya ngozi na kufanya jipu. Kwa mtu mzima ni kero, kwa mtoto mchanga ni mateso. Joto la pasi linayaua mayai. Pasi pande zote mbili na ukandamize kwenye pindo, maana humo ndimo yanamojificha. Sisi tulitumia pasi ya mkaa, na wakati wa masika pasi hiyo ndiyo ilikuwa inamalizia kukausha.

Kwa hiyo nepi za kitambaa si za bure. Sabuni, maji na mkaa vilitugharimu kama shilingi 20,000 kwa mwezi. Usiku tuliendelea kutumia pampasi moja ili mtoto alale na mimi nilale, hiyo ni 15,000. Jumla 35,000 badala ya 90,000. Pia kuna gharama ya mikono. Kama mama mzazi ndiye atakayefua peke yake tangu siku ya kwanza, bora ununue pampasi mpaka apate nguvu. Kwetu mume wangu alikuwa anafua alfajiri kabla ya kwenda kazini. Majirani walishangaa, wengine wakasema maneno, naye akaendelea kufua.

Kitu ambacho hatukukishona wala kukinunua mara ya pili ni mpira wa kujifungulia. Mama wajawazito tunaambiwa twende hospitali na makintoshi yetu, na mimi nilinunua mita mbili. Ya kwanza ilitumika siku ile. Ile ya pili ilibaki safi, tukaikata ikawa ya kutandika kitandani chini ya kanga na ya kumbadilishia mtoto nepi. Ukiwa unanunua, lipia urefu wa ziada, hutajuta. Lakini usikate kipande cha kumfungia mtoto juu ya nepi kutwa nzima. Wengi hufanya hivyo ili mkojo usivuje. Kwa joto la pwani, siku chache tu ngozi inawiva na kutoka upele. Kikaptula cha plastiki tulikiweka kwa safari ya kliniki na wageni. Nyumbani alikuwa na nepi peke yake, na ikilowa tunabadilisha.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ndugu mmoja wa upande wa mume alikuja kumwona mtoto, akamkuta na kipande cha kanga iliyopauka, akaniambia mbele ya watu kwamba mtoto wa kwanza anavishwa matambara. Iliniuma. Wakati ule nilikuwa naangalia picha za watoto wa wenzangu kwenye simu, wamevalishwa soksi, kofia na fulana zenye mabawa, na mimi nilikuwa naona kama nimemdhulumu mwanangu. Bibi alimjibu kwa upole, “Angalia matako yake kwanza, ndipo useme.” Mtoto hakuwa na kipele. Lakini sitasema kwamba jibu lile liliniondolea uchungu wote siku hiyohiyo. Ukiamua kuishi kwa kubana matumizi na mtoto, jiandae kwa maneno, na kama inawezekana mwombe mtu mmoja unayemwamini akae upande wako. Wageni wakija siku hizi za mwanzo, jibu lao litolewe na huyo, wewe pumzika.

Mbeleko nayo ilitokana na furushi lilelile, ila hapa uchaguzi ni mwingine. Kanga ya nepi inaweza kuwa nyembamba kiasi cha kuonekana mwanga ndani yake. Kanga ya mbeleko isifike huko. Ishike mbele ya dirisha, tafuta tundu na sehemu zilizolegea, kisha wewe na mwenzako ivuteni kwa nguvu kila mmoja upande wake. Ikitoa mlio wa kuchanika, ishushe daraja iwe nepi. Kanga mpya inateleza mgongoni na fundo lake linalegea, ya poliesta ndiyo mbaya zaidi. Ya pamba iliyofuliwa kiasi inashika mwili. Bibi alinifundisha magoti ya mtoto yakae juu kidogo kuliko matako, miguu imekumbatia kiuno, kitambaa kimpokee kutoka goti hadi goti. Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, kichwa kishikwe na kitambaa, uso uonekane, na kidevu kisizame kifuani, maana akikunja shingo hivyo anakosa pumzi bila kutoa sauti. Tulipoanza kumbeba hivyo, mikono ilipata uhuru, nikarudi kukaanga mihogo jioni huku mtoto akiwa amebebwa na Bibi, mbali na mafuta ya moto.

Kwa ajili yangu mwenyewe nilishona mto wa kunyonyeshea. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kuinama. Tulinunua sufi ya shilingi 6,000 na mita moja ya kitambaa cha marekani, nikakata umbo la mwezi mchanga ili uzunguke kiuno. Sufi ijazwe nje, upepo ukiwa umetulia, na mdomo na pua vimefungwa kitambaa, kwani nyuzi zake ni nyepesi mno na zinaruka. Kazi hiyo isifanywe karibu na mtoto. Isifanywe pia karibu na jiko au koroboi, sababu sufi inashika moto upesi sana. Foronya ya ndani iwe ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, ndiyo maana nikachagua marekani. Ya nje iwe ya kuvuliwa na kufuliwa, kwa sababu sufi ikilowana inafanya madonge. Mto ule ulinisaidia kuliko chochote nilichojishonea, nami nilihakikisha hauachwi kitandani mtoto akilala.

Kuhusu vitu vya kuchezea, mwezi wa kwanza mtoto hahitaji chochote cha kununua. Bibi alitundika kisutu ukutani, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, karibu na mahali nilipokuwa namnyonyeshea. Nilidhani ni mapambo. Mtoto alikuwa anaikodolea macho mpaka ananyamaza kulia. Baadaye muuguzi alinieleza kwamba watoto wachanga huona vizuri vitu vilivyo karibu, na rangi zinazotofautiana sana ndizo zinazowavuta. Bibi alijua kwa kuona tu, kwa watoto wote aliowalea.

Alipoanza kushika vitu, tulimtengenezea kayamba la chupa ya soda yenye choroko ndani. Karibu kila nyumba huwa nalo. Siku moja aliibamiza sakafuni, kifuniko kikafunguka, nikamkuta amezungukwa na choroko na mkono uko njiani kwenda mdomoni. Kifuniko chenyewe pia kilikuwa mkekani. Moyo ulinienda mbio siku nzima. Punje ya choroko inaweza kuingia njia ya hewa, na kifuniko cha soda kinaweza kuiziba kabisa. Kuna wanaotumia mbegu za porini, zile nyekundu zenye doa jeusi, na wengine mbegu za mbarika. Hizo ni sumu kali. Zisiingie ndani ya nyumba yenye mtoto hata kama zimefungwa vipi.

Badala yake jirani mmoja alituletea kibuyu kidogo kilichokaushwa kikiwa kizima, hakijawahi kutobolewa. Mbegu zake zenyewe zimekauka ndani, ukikitikisa kinalia vizuri kuliko ile chupa. Hakina kifuniko cha kufunguka. Tulikiosha, tukakisugua kwa mafuta ya nazi, na kila asubuhi nakiangalia kama kimepata ufa. Hatukukipaka rangi, kwa kuwa rangi nyingine zina madini ya risasi na mtoto anatia kila kitu mdomoni.

Zile kanga mbili za poliesta ndipo zilipopata kazi. Tulizichana vipande vyembamba tukajazia mpira na mwanasesere. Poliesta haishiki maji, kwa hiyo mpira uliolowa mate na matope unafuliwa asubuhi na mchana umekauka, wakati mpira wa matambara ya pamba unakaa na unyevu siku nzima. Mwanasesere nilimtarizi macho na mdomo kwa uzi, bila vifungo wala shanga. Kipimo changu kwa kitu chochote anachochezea ni kile kibomba cha karatasi kinachobaki toilet pepa ikiisha. Kinachoweza kupita ndani yake, mtoto asipewe. Wala usijazie mifuko ya plastiki ili mpira uwe mwepesi, kwa sababu siku ukichanika mfuko utaishia usoni kwake.

Blanketi la viraka nililianza nikaliacha. Kwa joto la hapa, mtoto halihitaji, na viraka vya vitenge vipya ni vigumu. Kama unaishi Lushoto au Mbeya, labda maamuzi yako yatakuwa mengine. Nusu niliyomaliza tunaitandika juu ya mkeka akicheza.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakikushonwa. Mume wangu na shemeji yangu walijenga kibuyu chirizi cha kunawia mikono kando ya choo. Kabla ya hapo nilikuwa nabadilisha nepi, natoka na mkono mchafu, nashika bomba la ndoo au kata ambayo kila mtu wa nyumba ileile anaishika, na narudi kumnyonyesha. Walichukua dumu la lita 5 la mafuta ya kula, wakalitoboa tundu dogo kwa msumari uliopashwa moto, chini kidogo ya shingo. Miti miwili yenye panda ikasimikwa, ufito ukapita kwenye mkono wa dumu. Kamba ya mkonge ikafungwa shingoni mwa dumu na kushuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Mkono haugusi kitu. Sabuni tuliitoboa tukaining'iniza kwa kamba, na chini wakamwaga kokoto ili pasiwe na tope. Gharama ilikuwa kamba tu. Dumu lisiwe lililobeba dawa za shambani wala kemikali yoyote, hata ukilisafisha mara ngapi. Wapangaji wenzetu wote wanakitumia sasa, na mtoto wa jirani wa miaka minne anakikanyaga kwa furaha mpaka maji yanaisha, tunajaza tena.

Alipofika kusimama dede, mume wangu alimchomelea kigari cha kusukuma chenye magurudumu. Kilikuwa kizuri, lakini kwenye sakafu yetu ya saruji kilimkimbia akaanguka kifudifudi. Akayatoa magurudumu, akafunga ubao mzito chini. Sasa kinaburuzika polepole na kinamsubiri.

Kuna vitu ambavyo hatukuvigusa katika kubana matumizi. Chandarua chenye dawa nilichopewa kliniki kilibaki kitandani, hakikukatwa kuwa pazia la kukinga nzi wala kamba. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tulizifuata hata siku ambayo nauli ilikuwa ya kukopa, na ile ya surua ya miezi 9 vilevile. Pia pini za nepi tulinunua nzuri zenye kifuniko, kwani za bei ya chini hufunguka zenyewe.

Wifi yangu sasa ni mjamzito, na tumekubaliana asinunue kitambaa chochote kwanza. Mimba ikifika miezi mitano ndio wakati wa kuanza kukusanya, ili kanga zifuliwe, zipimwe kwa moto na kukatwa bila haraka. Kanga kumi na mbili zinatoa nepi dazani mbili, na mbili nzima zaidi ni za mbeleko. Kama mtoto atazaliwa masika, aongeze tatu. Ziombwe kwa mabibi na mashangazi mapema, kabla hawajazigeuza za kudekia.